Maarifa ya Nyumbani: Nyuzi za Joto Zisizoujua Mlima

Ndugu msomaji, juma hili tumeiweka kando habari ya kukausha mboga tuliyoahidi, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Gisenyi. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, mke wa askari polisi. Mumewe alihamishwa kutoka mjini, hatua chache kutoka Ziwa Kivu, akapelekwa kwenye kituo kilichoko juu, upande wa Bugeshi, katika wilaya ile ile ya Rubavu. Kabla ya kufunga mizigo mama huyu alitazama utabiri wa hali ya hewa katika simu yake. Akaandika neno "Rubavu", akajibiwa kwamba usiku joto litakuwa nyuzi 16 za Sentigredi. Hizo ndizo nyuzi alizozizoea ufukweni. Basi mablanketi mazito akamwachia dada yake, akachukua yale mepesi. Usiku wa kwanza kitinda mimba alitetemeka mpaka alfajiri, na kikohozi kilichofuata kilimlaza zahanati siku tatu.

Mama anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, hawa wataalamu wa hali ya hewa wanatudanganya? La pili, jirani mmoja amemshauri kwamba kwa kuwa huko juu ni baridi, hakuna mbu wala malaria, basi chandarua akiuze. Je, akiuze?

Tungeweza kumjibu kwa mistari minne. Lakini barua za namna hii si moja, na wasomaji wetu wengi ni watu wa kuhamahama kwa amri: leo kambi ya bondeni, kesho lindo la mlimani, na familia nyuma na masufuria. Tuseme kwa kirefu kidogo.

Utabiri unaousoma katika simu haukuandikwa na mtu aliyesimama Rubavu akanusa upepo. Umetokana na hesabu kubwa mno ifanywayo na mitambo ya kompyuta, nayo huitwa modeli ya hali ya hewa. Modeli huigawa dunia nzima katika miraba, kama karatasi ya hesabu ya mtoto wa shule, na kila mraba hupewa joto moja, upepo mmoja, unyevu mmoja na, hapa ndipo kisa chetu kinapoanzia, kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Modeli kuu ya kituo cha pamoja cha nchi za Ulaya, ambayo ni miongoni mwa zinazosifiwa kuliko zote, imekuwa na miraba ya upana wa kilomita 9 hivi tangu mwaka 2016. Ile ya Marekani itumiwayo na simu nyingi ina miraba ya kilomita 13 hivi. Katika nchi tambarare kama zile mbuga za Shinyanga, hilo si tatizo kubwa, maana kilomita 9 za huko zafanana.

Sasa njoo Rubavu. Ufukwe wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Geuza uso kaskazini: kiasi cha kilomita 20 tu kutoka majini, ng'ambo ya mpaka, umesimama mlima Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470. Upande wa kaskazini-mashariki kuna Karisimbi, mita 4,507, mlima ulio mrefu kuliko yote ya Rwanda. Wilaya yenyewe huanzia kwenye mchanga wa ziwa, hupita mashamba ya vitunguu na viazi ya Bugoyi, hupanda hadi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Hayo yote huitwa kwa jina moja, Rubavu. Mraba wa kilomita 9 ukiangushwa juu ya nchi hiyo utachukua kipande cha maji, kipande cha mji, vilima na mitelemko, kisha utatoa wastani. Vilele hukatwa vichwa na mabonde hujazwa. Modeli haidanganyi, ila inaeleza hali ya hewa ya mlima mwingine uliosawazishwa, mlima ambao hakuna mtu anayeishi juu yake.

Kwa nini kimo kiwe na nguvu kiasi hicho? Watu wengi hudhani kwamba anayepanda mlima hulikaribia jua, basi angepaswa kuona joto zaidi. Umbali wa jua ni mkubwa hata mlima wa mita 4,000 si kitu mbele yake. Jua hupasha ardhi, na ardhi ndiyo ipashayo hewa iliyo karibu nayo. Hewa hiyo ikipanda hukuta mgandamizo mdogo zaidi, hujitanua, na katika kujitanua hupoteza joto. Kila aliyewahi kutia upepo baiskeli anaijua sheria hii bila kufundishwa: bomba hupata moto unapoishindilia hewa, na ile hewa itokayo kwa kasi kwenye tairi ni baridi kidoleni. Hewa kavu ipandayo hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Yenye mvuke mwingi hupoa polepole zaidi. Wataalamu huchukua wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, nasi nyumbani twaweza kukumbuka nyuzi 1 kwa kila mita 150.

Mama wa Gisenyi, tufanye hesabu pamoja. Ikiwa kituo cha mumeo kiko mita 800 juu ya ziwa, basi ondoa nyuzi 5. Zile 16 za simu zimekuwa 11. Na mtu aliyeko kwenye kilele cha Nyiragongo, mita 2,000 juu ya ziwa, huondoa nyuzi 13: huko usiku hukaribia kuganda, ilhali chini yake watu wa Goma wamelala na shuka.

(Mgandamizo huo huo mdogo ndio umwoneshao mama huyu mzungu mwingine, hata kama hakuuandika. Maji ya Gisenyi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na huko juu aendako hushuka hadi 92 au 93. Maharage yataiva kwa kuchelewa na kuni zitakwisha upesi. Ayaloweke tangu jioni, na sufuria aifunike kwa kifuniko kizito.)

Mtu mwerevu atasema: kama kanuni ni rahisi hivyo, kwa nini kompyuta isiirekebishe yenyewe? Ziko huduma zinazofanya hivyo. Huuliza kimo halisi cha mahali, kisha huongeza au hupunguza nyuzi kwa kanuni hiyo ya 6 na nusu. Hilo husaidia sana mchana. Usiku huja kosa la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza.

Usiku ulio mweupe, usio na mawingu wala upepo, ardhi ya mtelemko hupoa upesi na huipoza hewa iliyolala juu yake. Hewa baridi ni nzito. Huanza kuteleza kuteremka, polepole kama maji, hufuata makorongo, na hujikusanya kwenye kila shimo na kila bonde lisilo na mlango wa kutokea. Watu wa Goma na Gisenyi hawana haja ya kueleezwa jambo hili mara mbili, kwani wanaijua mazuku, ile hewa ya ukaa itokayo ardhini katika nchi ya volkano, ambayo kwa uzito wake hukaa mashimoni na kuua mbuzi, mbwa, na hata mtoto aliyetumwa kuokota kuni. Hewa baridi haina sumu, lakini mwendo wake ni ule ule. Ndiyo maana asubuhi utakuta nyumba ya bondeni ina baridi kuliko nyumba iliyojengwa mita 100 juu yake kwenye ubavu wa kilima. Hapo kanuni imepinduka: anayepanda anaona joto. Modeli yenye mraba wa kilomita 9 haina habari ya bonde lenye upana wa nusu kilomita, na simu iliyorekebisha kwa kimo peke yake itakosea zaidi kuliko kama isingerekebisha.

Tena kumbuka kwamba joto linalotabiriwa ni la hewa ya kivulini, kiasi cha mita 2 juu ya ardhi. Majani na udongo wenyewe, katika usiku mweupe, huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Mkulima wa viazi wa nyanda za juu aliyesoma nyuzi 3 akalala kwa amani anaweza kuamka akakuta sakitu imelala juu ya majani na shamba limekuwa jeusi. Wakulima wa chai wa Kericho huko Kenya walipatwa na sakitu hiyo Januari 2012.

Ziwa nalo lina mambo yake. Maji ya Kivu usoni hubaki karibu na nyuzi 24 mwaka mzima, kwa hiyo usiku huwapa joto walioko ufukweni, na mchana huwatumia upepo wa baridi. Modeli ikiuhesabu mraba wa Gisenyi kuwa ni maji, itaufanya usiku uwe wa joto hata kwa mtu wa mlimani. Ikiuhesabu kuwa ni nchi kavu, itamnyima mtu wa ufukweni joto lake. Hata uoto hubadili mambo. Huko Kabale, Uganda, watafiti walionesha mwaka 2000 kwamba vijiji vilivyo kando ya mabwawa ya mafunjo yaliyokatwa na kulimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyo kando ya mafunjo yaliyoachwa, ingawa vyote viko katika milima ile ile.

Nani basi atairekebisha modeli? Dawa ni moja, nayo ni kipimajoto kilichopo mahali penyewe, chenye mtu mwaminifu wa kukisoma. Gisenyi ina kituo cha kupimia kwenye kiwanja chake cha ndege. Lakini kituo kimoja cha bondeni hakiwezi kusema kwa niaba ya milima. Isitoshe, Rwanda ilipata pengo kubwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vituo vingi vya kupima hali ya hewa vilinyamaza, na kumbukumbu za miaka mingi iliyofuata, hadi karibu mwaka 2010, zimekuwa chache mno. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Rwanda, pamoja na chuo cha utafiti wa tabianchi cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, imejaribu kuliziba pengo hilo. Kwa mvua wameunganisha vipimo vya vituo na picha za setelaiti. Kwa joto wameviunganisha vipimo hivyo na hesabu za modeli zilizorekebishwa kwa kimo, katika miraba ya kilomita 4 hadi 5. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo hesabu haiwezi kukumbuka usiku ambao hakuna aliyeupima.

Mtu wa Rubavu hachukulii utabiri kama mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Hiyo ni habari ya mvua, nayo ina ugumu wake. Lakini baridi pia huua, na kwa kimya zaidi. Mwezi Februari 1908 mwanajiolojia Mjerumani, Egon Kirschstein, alikuwa Karisimbi na msafara wake. Mvua ya mawe na theluji iliwakuta ghafla katika kreta moja ya mlima huo, na wapagazi 20, karibu nusu ya msafara, wakafa kwa baridi. Ni mwendo wa siku chache tu kutoka ziwa lenye joto ambako watu huoga. Jina lenyewe la mlima lilikwisha kuonya: Wanyarwanda wameuita Karisimbi kutokana na isimbi, yaani kombe jeupe, kwa ajili ya weupe unaokivika kilele chake.

Sasa tulitazame swali la chandarua, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi katika barua yote.

Jirani hakusema uongo mtupu. Kimelea cha malaria kali hakizaliwi kikiwa tayari kumdhuru mtu. Mbu akishakinyonya kutoka kwa mgonjwa, lazima kikomae kwanza ndani ya mwili wa mbu huyo, na muda wa kukomaa hutegemea joto. Kuna kanuni ya zamani ambayo hata mtoto wa darasa la 6 ataiweza: chukua 111, gawanya kwa idadi ya nyuzi zinazozidi 16. Katika nyuzi 25 utapata siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 utapata siku 28. Katika nyuzi 18 utapata siku 55, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Katika nyuzi 16 hakikomai kabisa.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Kati ya nyuzi 18 na nyuzi 20 kuna tofauti ya nyuzi 2 tu, kosa ambalo modeli hulifanya milimani bila mtu kushangaa. Lakini nyuzi hizo 2 ndizo zitenganishazo kijiji chenye malaria na kijiji kisicho nayo.

Kosa hili limewahi kuwagombanisha wataalamu wakubwa. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha makala katika jarida la sayansi la Nature, la Uingereza. Walitaka kujua kama malaria iliyokuwa ikizidi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ililetwa na ongezeko la joto. Walichagua mahali panne: Kericho nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, Gikongoro hapa Rwanda, na Muhanga ya Burundi. Wakachukua takwimu za joto za karibu karne nzima, zilizokuwa zimepangwa katika miraba ya nusu digrii, yaani kilomita 55 hivi kila upande. Wakatangaza kwamba joto halikubadilika. Desemba ya mwaka huo huo Jonathan Patz na wenzake wakawajibu katika jarida lile lile. Miongoni mwa waliojibu alikuwamo Mike Hulme, mmoja wa wale walioziunda takwimu zenyewe. Walisema takwimu hizo hazikufaa kusomwa kana kwamba ni za mahali pamoja milimani. Mraba wa kilomita 55 kuizunguka Gikongoro waweza kukumbatia msitu wa Nyungwe wenye baridi upande mmoja na nchi ya chini yenye joto upande wa pili, na wastani wake si joto la zahanati yoyote.

Mabishano yalidumu. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake waliacha miraba, wakarudi kwenye kipimajoto. Walichukua kumbukumbu za kila siku za kituo cha Kericho kwa miaka 30, kuanzia 1979 hadi 2009, wakazichunguza moja moja. Joto la Kericho lilikuwa likipanda, takriban sehemu 2 za 10 za nyuzi kwa kila miaka 10. Haki itamke pia kwamba malaria ya milimani haikuletwa na joto peke yake. Dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na watu walikuwa wakisafiri kuliko zamani.

Kwa hiyo, mama wa Gisenyi, chandarua usikiuze. Mumeo hushuka ufukweni kwa kazi na hupanda tena. Malaria aliyoambukizwa chini kwa kawaida huonekana baada ya juma moja hadi manne, akiwa huko juu, mahali ambapo kila mtu atadhani ni mafua ya baridi. Watoto wanaokulia penye malaria chache hawana kinga iliyozoea, na ugonjwa ukiwapata huwapiga kwa nguvu. Homa yoyote ya mtu aliyetoka bondeni ipimwe damu siku hiyo hiyo.

Na mablanketi mwombe dada yako ayarudishe.

Kisha, kama posho inaruhusu, nunua kipimajoto kidogo cha ukutani. Kitundike nje, upande usiopigwa na jua, mahali penye kupitisha hewa, kwa urefu wa kifua au zaidi, mbali na bati na jiko. Kisome alfajiri na saa nane mchana. Katika daftari la mtoto andika namba yake, na pembeni andika ile iliyosemwa na simu. Mkimaliza mwezi mtaona kwamba mara nyingi simu hukosea kwa kiasi kinachofanana, pengine nyuzi 4, pengine 6, na zaidi katika usiku mweupe kuliko usiku wa mawingu. Toeni hizo, nanyi mtakuwa na utabiri wa nyumba yenu wenyewe. Wataalamu nao hufanya hivyo hivyo katika vituo vyao, ila kwa mashine kubwa zaidi.

Askari aendaye lindo la usiku avae soksi kavu na sweta ya sufu chini ya koti, afunike kichwa, na asijichagulie shimo la bondeni kwa kudhani kwamba litamkinga. Lawezekana likamkinga na upepo, lakini baridi yote ya kilima inamshukia humo. Akiruhusiwa kuchagua, apande kidogo ubavuni.

Juma lijalo tutarudi kwenye mboga za kukausha. Wale wa nyanda za juu waanze kutafuta wavu wa kuanikia.